Sharubu Zangu na Vidudu vya Mjukuu

Haya ni kweli tupu. Nikiongeza hata chumvi ya kubana kwa vidole viwili, ulimi wangu na uote ukungu.

Mjukuu wangu, binti anayesoma chuo, alipokwenda mafunzo ya vitendo alituachia sanduku lake la kioo pale sebuleni. Wenzake hufuga paka. Yeye anafuga vidudu wa kijivu, wale wanaoishi chini ya mawe: mgongo wa magamba kama kakakuona, miguu mingi kuliko kazi, na ukimgusa mmoja anajiviringa anakuwa gololi. Anasema ni ndugu wa kaa wa baharini. Sikubisha. Hata kwetu kuna ndugu wasiofanana.

"Babu," akaniambia, "upande mmoja unyunyizie maji, mwingine uache mkavu, wachague wenyewe. Wape majani makavu na ubao uliooza. Maganda ya mayai yasage, ndiyo yanayojenga magamba yao. Na hewa, Babu! Wanapumulia tumboni, kwa kitu kama matamvua ya samaki. Wakikauka wanakufa, na hewa ikituama wanakufa vilevile."

"Unamfundisha nani? Nimetandaza mabomba mji mzima huu mpaka nikastaafu. Maji yakiniona yananiamkia."

Mke wangu alikuwa anakunja nguo. "Mzee, nikusaidie?"

"Mtu yeyote akitia mkono humo," nikasema, huku nikisokota sharubu zangu, ambazo ni nzuri kuliko zote mtaani, wala si mimi ninayesema, ni kioo, "basi hizi nazinyoa."

"Mke mwenzangu, umesikia?" akamuuliza mjukuu.

"Nimesikia, Bibi. Masikio yote mawili."

Basi nikafuga. Nakwambia walinenepa hao! Mmoja alifikia ukubwa wa kobe mchanga, nikawa namwazima kofia yangu akitaka kuota jua. Nikipiga mluzi wanajipanga mstari, warefu nyuma wafupi mbele, kuelekea upande wenye maji.

Asubuhi moja nikakuta upande huo umeanza kukauka. Sasa fundi bomba akiona maji yamepungua, hana maswali mengi: yanavuja wapi? Nikapekua, nikageuza, nikaona. Mfuniko una matundu! Uzembe gani huu? Nikatoa silikoni yangu, nikaziba tundu moja baada ya jingine, kazi ya kupigiwa mfano, hata pumzi ya sisimizi isingepenya. Kioo kikaanza kutoka jasho. Nikajipongeza.

Kesho yake wapangaji wote walikuwa wamepanda ukutani, wamesongamana chini ya mfuniko, na ndani kunanuka kama soksi ya mlinzi.

"Mzee, hao vipi?" mke wangu akauliza.

"Wananipigia saluti."

Nikaenda zangu kwa kinyozi kuchongesha sharubu na kuwasimulia waliokuwa kwenye foleni. Niliporudi, maajabu! Matundu yako wazi, jasho limekauka kwenye kioo, na vidudu wameshuka, wanatafuna majani kama waliokodiwa.

Jioni hiyohiyo mjukuu akaingia na begi lake. Hata hajakaa, nikamwanzia. "Hawa si vidudu, ni mafundi! Nilizibaziba kidogo, kuwajaribu tu. Wakafanya kikao. Yule mkubwa akaanza kwa meno, wengine wakafuata, wakatafuna silikoni yote!"

Mjukuu akainua mfuniko, akaugeuza kwenye mwanga. "Babu, silikoni ulipaka ndani au nje?"

"Nje. Ndani si ningewatia sumu? Mimi fundi."

"Na wao walikuwa ndani."

"Ndani, wapi tena?"

"Mbona imekwanguliwa kwa nje? Halafu hili jino limeacha mikwaruzo mirefu kama ya kisu."

"Walitoka," nikasema, "wakakwangua, wakarudi, wakafunga."

Mke wangu alicheka mpaka akashika kochi. "Kisu cha siagi hicho, mwanangu! Alipotoka tu kwenda kwa kinyozi nikakwangua. Ningemsubiri huyu, ungekuta makaburi."

"Lakini si wazima?" nikapaza sauti. "Angalia! Kuna mgonjwa hapo?"

"Wazima sana," mjukuu akakubali. Akainua kipande cha ubao, na chini yake kulikuwa na vitoto vyeupe, vidogo kuliko punje ya mchele, vinatambaa huku na huku. Akatabasamu mpaka nikajiona nimewazaa mimi. "Wamezaa, Babu. Wana afya kuliko nilivyowaacha."

"Umeona!"

"Nimeona. Kwa mkono wa Bibi."

Mke wangu alikuwa ameshakwenda bafuni. Akarudi na bakuli la maji, sabuni na wembe mpya.

"Jamani, nimetoka kwa kinyozi leo!"

"Ndiyo vizuri, kazi imebaki ndogo," akasema. Mjukuu akanivutia kiti, kwa adabu zote, akanifunga taulo shingoni.

Nikakaa. Povu likapanda mpaka puani.

"Sasa funga mdomo, mzee, nisije nikakukata."

Nilikuwa na hoja moja ya mwisho, tena nzito. Nikafunga mdomo.