Mzee Hajalala, Anaomba

Mume wangu, mzee Kibii, alipewa kipawa cha kulala. Wengine Mungu huwapa sauti, wengine mbio, yeye akapewa usingizi. Saa mbili usiku yuko kitandani, saa moja asubuhi bado yuko, na akiamka anapiga miayo kama mtu aliyelima milima ya Mau yote peke yake. Saa nne anasinzia kwa kiti. Saa nane tena. Hata ng'ombe wetu alimjua. Akiona mzee amefunga macho, anapita polepole kwenda kwa kabichi.

Mimi sikuwa na neno. Mwanamume aliyelala haulizi maswali mengi.

Shida ilianzia kwa koito ya mjukuu wetu wa kwanza. Koito ni ile siku wazee wa kijana wanakuja kuomba msichana, na kwetu Olenguruone watu hawaji kwa dakika kumi. Wanaongea toka asubuhi mpaka ng'ombe warudi. Babu ya msichana ndiye hukaa mbele. Basi wageni wakauliza, "Mzee, nyinyi ni ukoo gani?" Kidevu cha Kibii kiko kifuani. Nikatoa kichwa kwa mlango nikasema, "Mzee hajalala, anaomba." Hapo hapo akakoroma. Nikaingia nikamfinya mkono. Akashtuka na kusema kwa nguvu, "Amina! Ongeza chai."

Wageni walicheka mpaka wakafuta macho. Sisi tulicheka ile ya aibu.

Mwaka huu zamu ikafika ya mjukuu wetu Jepleting, ambaye tulimlea sisi wenyewe. Amekua mgongoni mwangu na kwa sahani ya babu yake. Mwezi wa tisa kijana wangu Kiptum akaja, akashika kofia kwa mikono miwili, nikajua analeta maneno mabaya.

"Mama, tumeongea. Koito ya Desemba, baba mdogo Kipyegon akae mbele. Baba apumzike."

"Apumzike tena?" nikasema.

Jepleting alilia. "Kama si babu, kugo wangu," akasema, "basi wageni wakae kwao." Kibii alijifanya hajasikia, lakini jioni alirudisha nusu ya ugali. Kwa Kibii, huo ni msiba. Akaangalia moto na kuniuliza, "Kwani mimi nimekufa?"

Asubuhi nikampeleka zahanati. Muuguzi anaitwa Nanyama, msichana wa Bungoma asiyeogopa wazee. Akampima damu na presha, kisha akauliza anakula nini jioni. Nikajibu mimi, kwa sababu yeye angedanganya.

"Ugali mlima, nyama ya mafuta, chapati mbili, chai ya vijiko vitano."

"Na anatembea?"

"Mpaka chooni."

Nanyama akauma midomo asicheke. "Bado si ugonjwa, mzee. Ni sahani na kiti. Kula mapema, kula mboga, punguza sukari, tembea kila siku. Utalala saa chache kuliko sasa na utaamka mzima."

"Kutembea bure ni kazi ya wakimbiaji," Kibii akasema. "Mwanamume hatembei kama hakuna kitu anafuata."

Nikafikiri, haya, nitakupa kitu.

Maziwa yetu yalikuwa yanabebwa na Sitati wa pikipiki, kila asubuhi, mpaka kituo cha maziwa ng'ambo ya bonde. Nikamngoja kwa lango. "Boss, kutoka kesho pikipiki yako imeharibika."

"Lakini mathe, hii ni nzima kabisa."

"Nimesema imeharibika. Pita barabara ya chini. Siku ya koito nitakupa kuku."

Sitati akaangalia pikipiki yake kwa huruma, akasema, "Kweli, hata mimi nasikia inakohoa."

Basi Kibii akabeba galoni. Kushuka bonde, kupanda, kurudi. Wiki ya kwanza alilala zaidi ya zamani na kununa kama paka aliyenyeshewa. Jioni, jua bado liko, namwekea ugali wa wimbi kama ngumi, mboga ya managu na maharagwe.

"Nyama iko wapi?"

"Iko sokoni, imekusalimia."

Sukari sikumnyima. Vijiko vyake vitano alipata kila siku. Ila nilibadilisha kijiko, nikatumia kile kidogo cha dawa ya mtoto.

Wiki ya tano hivi, nikashangaa. Analala saa tatu usiku, na saa kumi ya alfajiri macho yake yako wazi kama ya sungura. Hakuna miayo. Mchana anarekebisha ua, na ng'ombe akaachana na kabichi kwa masikitiko.

Lakini hakuna aliyenionya juu ya mdomo.

"Mama Kiptum, umelala?"

"Nimekufa."

"Unakumbuka yule fahali wa baba yangu?"

Fahali huyo alikufa kabla Kiptum hajazaliwa. Nilimsikiliza kila alfajiri mpaka Desemba.

Kiptum aliona mabadiliko, akakubali baba yake akae mbele, lakini Kipyegon akae karibu akiwa na kikohozi tayari cha kumwamsha. Wageni walitoka Kabazi. Habari ya "Amina" ilikuwa imewafikia, kwa maana msemaji wao aliongea makusudi, taratibu. Akaanza na mvua, akaenda kwa nyanya yake, akarudi kwa mvua. Saa nane Kipyegon mwenyewe alipiga miayo. Kibii alikaa wima kama nguzo ya lango. Walipouliza ukoo alitaja, na akaongeza mababu wanne ambao hakuna aliyewaulizia. Wakakubaliana. Jepleting akapiga kigelegele jikoni, na msichana wa kuposwa hapigi kigelegele chake mwenyewe.

Ikabaki bibi wa nyumba alete kibuyu cha mursik, wazee wanywe maziwa ya baraka.

"Kogo aitwe."

Kogo, yaani bibi, ndio mimi, hakuitika. Kogo alikuwa kwa stuli nyuma ya ghala la mahindi, ameegemea. Nilipika toka alfajiri, na kabla ya hapo kulikuwa na fahali. Nasikia walikuja wote kunitafuta, Kibii mbele, akainua mkono wanyamaze.

"Mama hajalala," akasema. "Anaomba."

Wanasema nilikoroma. Sikukoroma.

Akanifinya mkono, polepole, pale pale nilipomfinya yeye. Nikachukua kibuyu na kuwaambia nilikuwa nasikia kila neno.

Wageni walipoenda, alikuja akaketi karibu na mimi jikoni.

"Mama Kiptum, usisahau kuku wa Sitati."

"Kuku gani?"

"Yule wa pikipiki kuharibika. Ulimkataza kupita kwa lango. Hukukumbuka maziwa ya kijiji kizima yanaenda kituo kimoja? Siku ya tatu nilimpata kwa foleni, na pikipiki inanguruma, akaniambia yote."

"Na hukusema!"

"Ulikuwa umefurahi sana," Kibii akasema. "Na njia ile nimeipenda. Usimrudishe."

Nikammiminia chai. Miaka hamsini, na bado mtu anakuficha kitu.

"Na kijiko pia ulijua?"

"Kijiko gani?"

"Hakuna," nikasema. "Kunywa chai."