Wasifu wa Hayati Aliye Hai

Waziri mkuu mstaafu alisoma habari za kifo chake kwa utulivu mkubwa, akafunua ukurasa, akaomba chai.

Mwandishi alikaa mbele yake kwenye ncha ya kiti, magoti yamebanana kama ya mwanafunzi aliyeitwa kwa mkuu wa shule. Mchapishaji, mtu wa kuona mbali, alikuwa ametaka miswada miwili ya wasifu wa mzee: mmoja wa sasa, mwingine wa siku Mungu atakapopenda, ambamo kila "mheshimiwa" amegeuka "hayati". Mwandishi, baada ya miaka mitatu ya jasho, alikuwa amebeba bahasha isiyo yenyewe, ile ya hayati. Na bila saini ya mzee hapakuwa na kitabu.

Mke wa mzee alichungulia begani kwa mumewe, akasoma mistari michache. "Kumbe mimi mjane," akasema, "na hakuna aliyenipa pole."

Mwandishi alianza kuomba radhi. Mzee akamnyamazisha kwa kiganja, kile kile kilichotia saini sheria za nchi. Mwandishi alikitazama kama mtu anavyotazama mlima.

"Kufa nitakufa, binti yangu. Hilo si kosa, ni haraka tu. Kosa liko hapa."

Kidole kilitua ukurasa wa hamsini na mbili. Ndio ukurasa mwandishi aliojivunia kuliko zote: mgomo wa wauguzi, waziri kijana anashuka garini peke yake na kuukabili umati kifua mbele. Vitabu viwili vya wengine vilivyotangulia vilisimulia hivyo hivyo. Yeye aliongeza upepo tu, ukipeperusha tai.

Mzee akaeleza taratibu, bila kujitetea. Siku ile alijifungia garini, akalala sakafuni nyuma ya dereva. Muuguzi mkuu, mama mfupi mwenye viatu vilivyochakaa, aligonga kioo mpaka akafunguliwa. Alimkalisha, akampa leso ajifute jasho, akamfundisha madai yote manne na jibu la kila moja. Waziri alichofanya ni kuyarudia kwa sauti nene.

"Nimevaa koti la mama yule katika vitabu viwili," mzee alisema. "Wewe nivue."

Mwandishi alinong'ona kwamba watu watamcheka.

"Wacheke. Nimejicheka peke yangu miaka arobaini, nimechoka."

Mzee akairudisha kalamu yake mfukoni. Saini ingesubiri ukurasa mpya. Mwandishi hakuudhika. Alikuwa amekuja kumwona mtu mkubwa, na sasa, baada ya kumwona amelala sakafuni mwa gari, alijikuta anashindwa hata kuinua macho kwa heshima. Akauchomoa ule ukurasa wake mtamu, akaugeuza upande mweupe, akauliza jina la muuguzi.

Mzee alilitaja herufi kwa herufi, na hakuendelea mpaka alipohakikisha limeandikwa sawasawa.