Tamthilia Niliyomtafsiria Yeyo

Kabla hujanihukumu, nisikilize kwanza. Mama mkwe wangu, ambaye nyumba nzima tunamwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai chetu, hajui Kiswahili. Anajua "bei gani", "punguza" na "Bwana asifiwe", basi. Maisha yake yote ameishi Kisongo na mbuzi wake na mahindi yake, na watu anaoongea nao wote wanaongea lugha yake. Mwezi wa tano akakanyaga moto jikoni kwake kwa sababu hakuuona. Mtoto wa jicho alikuwa amemvaa macho yote mawili, anaona vivuli tu. Mume wangu Loserian akaenda kumchukua, akamleta kwetu Elerai, mguu umefungwa bandeji na uso umenuna.

Mimi Naisula ni fundi cherehani, nashonea nyumbani. Shule zilikuwa zimefungwa, baridi ya Juni imeshuka kutoka mlimani, na mimi nina rundo la sketi za sare mpaka dirishani. Kinachonisaidia kushona ni tamthilia. Jioni televisheni ni ya Loserian na mpira wake, usimsemeshe, kwa hiyo mimi naangalia marudio ya saa nne asubuhi. Ilikuwa tamthilia ya Kituruki iliyotiwa Kiswahili, matajiri watupu, nyumba ina ngazi mbili na hakuna anayefanya kazi.

Asubuhi ya kwanza Yeyo alikaa kimya kwenye kochi, shuka mabegani. Halafu akauliza, "Huyo anayelia ni nani?"

Nikamwambia ni mama wa nyumba ile, Mama Feride, anagombana na mkwewe.

"Mkwewe kafanya nini?"

Jamani, hapo ndipo nilipoanza kazi isiyo na mshahara. Mguu kwenye cherehani, sikio kwenye televisheni, mdomo unatafsiri Kimaasai moja kwa moja. Na Yeyo si msikilizaji wa kukaa kimya. Anamkemea mkwe, anamwonea huruma mtoto, anauliza hawa watu ng'ombe wao wako wapi. Miaka kumi na moja nimeolewa kwake tulikuwa tunasalimiana tu, "takwenya", "iko", na habari za mvua. Wiki mbili za tamthilia tukawa mashoga. Nilifurahi, nasema kweli. Nilikotoka mimi, Kaloleni, televisheni ilikuwa moja mtaa mzima, tunajazana sebuleni kwa jirani, mkilia mnalia wote. Siku hizi kila mtu na kioo chake. Nilikuwa nimesahau raha ya kuangalia na mtu.

Mfano wa hao wa siku hizi ni Diana, mpangaji wetu wa chumba cha mbele. Ni msusi. Anaangalia tamthilia ileile kwenye simu, hedifoni masikioni, bando likiwepo anameza sehemu kumi kwa mpigo. Alikuwa ametuacha mbali sana. Unamkuta anafua huku analia, ukimuuliza kulikoni anasema, "Dada Naisula, utakuja kuona mwenyewe."

Sasa sikia. Mama Feride naye akaanza kupoteza macho. Siku hiyo Yeyo aliacha hata kunywa chai. Kila asubuhi akawa anauliza kwanza, "Mama yule anaonaje leo?" Na sisi huku tulikuwa tunambembeleza Yeyo aende kwenye kambi ya madaktari wa macho, waliokuwa wanakuja mjini kwa wiki moja tu. Loserian alibembeleza, mchungaji alibembeleza. Hataki. Dada yake mkubwa, Yiamat, aliwahi kutibiwa jicho na mtu wa dawa za vichochoroni, likaoza, akafa nalo vile. Yeyo alikuwa anasema kivuli anachokiona kinamtosha, afadhali kivuli kuliko giza.

Jumatatu ya kambi, tamthilia ikafika mahali daktari anamwambia Mama Feride lazima apasuliwe. Yeyo akanyoosha mkono kunitafuta, akanishika goti.

"Naisula, tumsubiri huyu mama. Akipona, na mimi nitaenda. Asipopona, msinisumbue tena mpaka nife."

Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Nikatoka mbio mpaka kwa Diana, nikamng'oa hedifoni. "Diana, Mama Feride anapona?"

Diana akanitazama kwa huruma. "Hapana, dada. Anapofuka kabisa. Anakuja kuongozwa kwa mkono mpaka mwisho."

Loo! Nilikaa chini palepale kwenye ndoo yake. Sehemu ya upasuaji ilikuwa Alhamisi. Kambi inapasua kwa mara ya mwisho Ijumaa. Na mimi najua mwisho wa hadithi kabla ya anayeisubiri.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nilifikiria kuchomoa waya niseme umeme umekatika. Lakini angesema basi, hatujui kama amepona, siendi. Nililala na wazo moja, nikaamka nalo. Alhamisi saa nne nikamkalisha Yeyo kwenye kochi, nikamfunika vizuri, nikawasha.

Bandeji ikafunguliwa. Mama Feride akasema kwa Kiswahili safi kabisa, "Sioni kitu. Mwanangu, washeni taa."

Nikasema kwa Kimaasai, "Anasema, mwanangu, nakuona."

Nyumba nzima ya Waturuki ikaangua kilio. Vinanda vikalia kama msibani. Yeyo akainua kichwa. "Mbona wanalia?"

"Furaha, Yeyo."

"Na muziki huo?"

"Waturuki ndivyo walivyo. Wakifurahi wanapiga muziki wa huzuni."

Mungu anisamehe. Yeyo akatikisa kichwa akasema hao watu ni wa ajabu, halafu akafuta machozi kwa pembe ya shuka. Mwisho akasema, "Basi mwambie mwanangu alete gari kesho."

Ijumaa alipasuliwa jicho la kulia. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, nurse anasema, mimi nasema, Yeyo anaweka dole gumba kwenye karatasi. Jumamosi wakafungua. Alipepesa, akapepesa tena, akaniangalia usoni karibu sana mpaka nikasikia pumzi yake.

"Naisula! Kumbe umeota mvi!"

Nikacheka, nikalia, nikamkumbatia, kitu ambacho mkwe hafanyi. Loserian alitoka nje kabisa, mwanaume wa watu, akaenda kujifanya anaangalia tairi. Nyumbani Yeyo aliona kila kitu. Aliona utando wa buibui darini, aliona sketi niliyoshona pindo limepinda, akanionyesha. Nilijiambia, uongo wangu umezaa matunda, nani atanilaumu?

Njia ya mwongo ni fupi. Jumatatu nikamwambia king'amuzi kimeharibika. Akasema sawa, akatoka kuota jua. Mimi nikaendelea kushona, nimetulia kabisa. Kumbe Diana alikuwa barazani kwake, hana mteja, simu imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta ya nywele. Siku hiyo hedifoni zilikuwa zimekufa sikio moja, akaziacha. Yeyo akasikia ule muziki wa kufungulia. Akasogea, akakaa kwenye kigoda pale wateja wanaposukiwa, akainamia simu kwa lile jicho lake jipya. Diana wa watu, hana habari ya lolote, akamsogezea aone vizuri.

Aliporudi ndani alisimama mlangoni. "Naisula. Mama yule anapapasa ukuta."

Cherehani ikasimama. Nilitaka kusema labda ni sehemu ya zamani, labda ni ndugu yake wanafanana.

"Hakupona," akasema.

"Hakupona, Yeyo."

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Siku tatu alinisalimia, alikula, alishukuru, na hakuniuliza chochote. Televisheni ilizimwa, Loserian hata mpira akaogopa kuwasha. Siku ya nne akanisemesha.

"Mimi sina Kiswahili," akasema. "Huku mjini nasikia kwa mdomo wako. Nurse akisema, ni wewe. Dereva akisema, ni wewe. Sasa nitajuaje lini unasema wao na lini unasema wewe? Siku ile nilipoweka dole, karatasi ilisema nini?"

"Ilisema niliyokuambia, Yeyo. Neno kwa neno. Nakuapia."

"Huenda," akasema. "Huenda ni kweli."

Hilo "huenda" lilinichoma. Nikamwambia nilifanya vile kwa sababu nampenda, kwa sababu nilimwona akipapasa njia ya chooni na roho ikaniuma. Akasema, "Najua. Na nisingeenda kama ungeniambia. Jicho hili umenipa wewe, sikatai. Lakini ulinipeleka kama mbuzi anayefuata majani." Akainuka akaenda kulala mchana kweupe.

Nilimwambia Loserian yote. Nilitarajia atanitetea. Akakuna kichwa, akasema, "Naisula, hapo umekosea na umepatia, sasa mimi niseme nini?" Wanaume!

Baada ya wiki tatu tulikwenda hospitali kuangaliwa jicho, na kuamua la kushoto. Daktari alikuwa kijana wa Kimeru, mpole, anamwamkia Yeyo "shikamoo" kwa kuinama. Akammulika, akammulika tena, akakunja uso. Halafu akaniambia mimi, kwa Kiswahili.

"Jicho hili limekaa sana, na nyuma yake kuna mshipa umechoka. Tukilipasua, kuona ni nusu kwa nusu. Tukiliacha, mwaka huu au ujao litazima lenyewe. Mimi ningeshauri tujaribu." Akashusha sauti, kana kwamba Yeyo angeelewa. "Ila mama, hiyo ya nusu kwa nusu usimwambie. Wazee wanaogopa bure. Mwambie tu tunalisafisha kama lile la kwanza."

Yeyo alikuwa ananitazama. Zamani alikuwa anageuza sikio nikitafsiri. Sasa alikuwa anautazama mdomo wangu.

Nilimtaka apate jicho lile. Ninyi hamjui nilivyolitaka. Nilimwona kichwani mwangu Kisongo, anahesabu mbuzi wake kwa macho mawili, na sentensi moja tu ilitosha, tena daktari mwenyewe ameniruhusu. Nikavuta pumzi.

"Yeyo, anasema jicho hili limechoka nyuma. Wakilipasua, huenda ukaona, huenda usione, sawasawa pande zote mbili. Wasipolipasua, litazima lenyewe mwaka huu au ujao. Yeye angependa ujaribu. Na amesema nisikuambie hiyo ya huenda, kwa sababu utaogopa."

Yeyo akamgeukia daktari, akamkazia jicho mpaka kijana wa watu akaanza kupanga kalamu zake mezani. Halafu akanirudia mimi.

"Na wewe unasemaje? Wewe mwenyewe."

"Mimi nataka ujaribu. Nataka sana."

Nje kulikuwa na mtoto analia na mama yake anamwimbia. Yeyo akazungusha shuka lake vizuri mabegani.

"Mwambie nimeshukuru. Mwambie sitaki. Moja linanitosha, na hili lingine nitalitumia mpaka lichoke lenyewe."

"Yeyo, tafadhali..."

"Mwambie."

Daktari alikuwa anasubiri, kalamu mkononi. Aliniuliza, "Amekubali, eti?" Nilikuwa na Kiswahili chote kinywani, na fomu ilikuwa pale mezani imeshaandikwa jina lake.

"Mama anashukuru," nikasema. "Anasema hataki. Moja linamtosha."

Daktari akajaribu tena, akaeleza kwa upole, na mimi nikatafsiri kila neno kwa upole uleule, na Yeyo akakataa tena kwa heshima. Mwisho akaandika kwenye kadi, akatuaga.

Kwenye korido Yeyo akasimama. "Umemwambia nilivyosema?"

"Nimemwambia ulivyosema."

"Bila kuongeza?"

"Bila kuongeza, Yeyo." Na hapo nikaanza kulia kwa sauti, mtu mzima mimi, watu kwenye mabenchi wote wananigeukia. Hakunibembeleza. Alinishika mkono, akanisubiri nimalize, niliposhindwa kumaliza akaanza kutembea, ameushika vilevile. Tulipofika mlangoni, mimi sioni kitu kwa machozi, akaniambia angalia, kuna ngazi tatu.