Mfasiri wa Kijapani wa Sumbawanga

Miaka ile ya ruksa viliingia vitu vyote: mitumba, redio za kaseti, na video. Mimi Flavian nilikuwa mfasiri katika banda la video karibu na soko la Sumbawanga. Filamu ikiongea Kihindi, Kichina au Kijapani, naigeuza Kiswahili kwa kipaza sauti. Lugha hizo sizijui hata salamu. Kazi yangu ilikuwa uongo mtupu, na niliipenda.

Alasiri moja akaingia Mzee Zenon wa Kasense, baba yake Redempta, msichana niliyetaka kumwoa. Redempta alishanionya: baba hapokei posa ya mtu asiyelima mpaka aione kazi yake kwa macho. Nilimwamkia shikamoo.

Kaseti ya siku hiyo ilikuwa na picha ya panga kwenye jalada, lakini panga lenyewe hatukuliona. Nusu saa nzima mzee mmoja wa Japani ya kale alikoroga chai, taratibu, kama mtu ambaye mvua haimhusu. Watu wakaanza kuguna. Nikatia chumvi.

"Jamani, chai hiyo ina sumu. Leo anawamaliza maadui zake wote watano."

Banda likatulia. Bakuli moja likazunguka, wageni wote wakanywa, kila mmoja akifuta ukingo kabla ya kumpa mwenzake. Hakufa hata mmoja. Watu wakanicheka mpaka nikatamani ardhi ipasuke.

Mzee Zenon akasimama. "Kijana, kwenu hamnywi kimpumu?"

Hiyo ni pombe yetu ya ulezi. Chungu kimoja, mrija mmoja, unazunguka.

"Wanaochangia chombo hawatiliani sumu," akasema. "Mtazame mwenye chai anavyowaangalia mmoja mmoja. Anawaaga."

Nikampa kipaza sauti, sikuwa na ujanja mwingine. Akaeleza polepole, na kweli, mwishoni yule mzee alivaa nguo nyeupe akatoka peke yake kwenda kufa kwa amri ya bwana wake. Mama mmoja muuza dagaa alifuta machozi kwa khanga.

Nilimfuata Mzee Zenon mlangoni. Redempta nilishamhesabu kuwa nimemkosa, basi nikaona bora niseme kweli.

"Baba, Kijapani sikijui. Huwa nabuni tu."

"Hata mimi sikijui," akasema akivaa kofia. "Ila wewe ulikuwa unasema, mimi nilikuwa natazama."

Akapiga hatua mbili, akageuka.

"Jumapili baada ya misa uje nyumbani. Lete mshenga, aseme yeye. Wewe utakunywa tu."