Mzee Hakugeuka Kutazama Mvua

Mzee Kipngetich alisukuma vifuniko vyake vyote vya kuchezea karata katikati ya meza, na papo hapo mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati ya ukumbi.

Kila aliyekuwa mle ndani aligeukia dirisha. Huku kwetu Kericho mawe yakianguka hata mchungaji aliye katikati ya sala hufungua jicho moja, maana kila mtu ana mashina yake ya chai mahali fulani, na mawe ya muda mfupi tu huacha majani yametobokatoboka, mtu akakaa siku nyingi bila la kuchuma. Mwalimu Rodah aliinuka kabisa kitini. Noah, karani wa ukumbi aliyekuwa akigawa karata, alisimama na karata mkononi akiguna. Mimi pia nilitazama nje, ingawa sina hata shina moja. Mimi ni fundi wa mashine kiwandani, na majani yakikosekana sisi hushinda tukipangusa mashine zilizokwisha pangusika.

Kipngetich peke yake hakugeuka. Alikuwa na shamba zuri la chai upande wa Bomet, lote likiwa wazi chini ya mawingu yale yale, lakini alikaa mikono magotini, macho mezani. Nililiona hilo, nikalipita. Nilikuwa na shida yangu.

Mchezo wenyewe ulikuwa poka, na si ile poka ya utotoni ya kushindana kumaliza karata mkononi. Hii ni ile ya klabu: kila mchezaji ana karata mbili za siri, na nyingine tano hulazwa wazi mezani kwa wote. Mwenye mpangilio bora hushinda, lakini si lazima uwe nao. Yatosha wenzako waamini kwamba unao. Mtu akiweka vifuniko katikati, wewe ama unamfuata kwa kuweka vingi kama vyake, karata zifunuliwe muonane, ama unatupa zako na siri yake inabaki yake. Vifuniko vilikuwa vya soda, Noah alivipaka rangi. Sote tulianza na fungu sawa. Aliyemaliza lake aliondoka, na wa mwisho kubaki angepewa mtamba wa Friesian aliyetolewa na wafugaji wa eneo letu. Alikuwa amefungwa nje, chini ya paa la banda la baiskeli.

Mama yangu, Phelis, ni Msabato asiyetania na mambo ya Mungu. Alisema karata ni kitabu cha shetani. Nilimwambia mtamba hana dhambi yoyote. Hata hivyo, asubuhi ya mchezo nilikuta amenipigia shati pasi.

Tulikuwa tumebaki wanne. Mikononi nilikuwa na mfalme na kumi, na mezani palikuwa na mfalme mwingine, kwa hiyo nilikuwa na jozi ya wafalme. Jozi si kitu kibaya. Ubaya ni kwamba karata tatu kati ya zile tano za wazi zilikuwa za moyo, na ya mwisho ndiyo kwanza imelazwa. Kama mzee alikuwa na mbili za moyo mkononi, angekuwa na tano za aina moja, na wafalme wangu walikuwa maiti. Kama hakuwa nazo, alikuwa akinitisha tu. Mafungu yetu yalilingana: nikifuata nikakosea, nitainuka na kwenda zangu.

Lakini sikusita kwa ajili ya ng'ombe. Mzee yule alikuwa baba yake Chepngeno.

*

Mwezi wa tisa tulikuwa tumekwenda nyumbani kwake, mimi na baba na mama, tumevaa nguo za ibada, tumebeba sukari, majani ya chai na blanketi. Chepngeno alikuwa muuguzi Londiani, na sote wawili tulikuwa tumeshaamua kuoana. Kilichobaki kilikuwa wazee kuzungumza. Mzee alitupokea vizuri. Mke wake alitumiminia maziwa ya kibuyu, yale yenye majivu, na mama akayanywa yote ingawa hayajui, kwa heshima. Baba alikohoa, akaeleza kwa lugha ya mzunguko kwamba tumeona ua zuri katika boma hili.

"Hapa hakuna msichana wa kuolewa," Kipngetich akasema. "Mmepotea njia."

Alisema hivyo tu, bila kupandisha sauti. Nje kulikuwa na mahindi yameanikwa juu ya turubai, na manyunyu yakaanza. Tuliyasikia sote. Mkulima yeyote angeruka, agonge meza, aite watoto. Yeye alikaa mikono magotini akiitazama kalenda ya ukutani.

Baba alichukua kofia yake.

Baba yangu, Mageto, si mwoga. Maisha ndiyo yaliyomfundisha. Zamani alikuwa na duka Kedowa, akauzia watu chumvi na kuzika nao na kuozesha nao, hadi mwaka ule wa vurugu za uchaguzi, watu wa makabila ya nje kama sisi walipofukuzwa. Mchana mmoja jirani alipita dukani, akamtazama, akamuuliza, "Mageto, kwani nyinyi bado mpo?" Hakungoja aulizwe tena. Jioni tulikuwa juu ya trekta pamoja na magodoro, na moshi wa duka tuliuona tukiwa njiani. Sijui hadi leo kama jirani yule alitutisha au alituokoa, na baba hataki kulizungumza. Nijuavyo ni kwamba tangu hapo neno lake ni moja: akufukuzaye hakwambii toka. Ameondoka mapema katika kila jambo, hata arusini, kabla mtu hajaanza kufagia. Sasa Kipngetich alikuwa amelisema karibu waziwazi. Baba angengoja nini zaidi?

Mama, akipita uani, hakuweza kujizuia. Aliinama akakunja turubai upande hadi upande, akafunika mahindi ya watu waliotukataa, kisha akatufuata.

Usiku ule nilimpigia Chepngeno simu nikamwambia baba yake ametukataa. "Kama nyinyi mmeridhika na hilo jibu, ni sawa, Omosa," akasema. Nilisikia mtu anayeniaga. Sikumpigia tena, naye hakunipigia, na nikawa mtu wa kula nusu sahani na kugombana na spana. Nilimpenda, na nilijiona sina haki hata ya kuulizia.

*

Sikujua kwamba mzee atakuwa mchezaji. Kumbe ujana wake wote aliumaliza akihudumia wageni katika klabu moja ya mameneja wa chai, akisimama nyuma ya viti vyao na trei, na karata alizisoma kuliko wao. Siku ile ya Desemba alinisalimia kwa mkono, akaulizia wazazi, akaketi mbele yangu. Tulicheza mchana kutwa bila kutaja jambo lolote.

Sasa mawe yalikuwa yakipiga bati hadi Noah akalazimika kuniinamia sikioni aniulize nafanya nini.

Jibu la adabu nililijua. Kumfuata mzee mbele za watu ni kumwambia, mzee wangu, nadhani unadanganya. Nikiwa nimekosea, nitaonekana mjinga. Nikiwa sijakosea, itakuwa mbaya zaidi: nitakuwa nimemvua nguo mtu ambaye bado, mahali fulani moyoni, nilitaka kumwita baba. Kutupa karata kungemstahi. Nilikuwa bado na vifuniko vya kuchezea. Nilizibana karata zangu kwa vidole viwili, nikaziinua nizitupe.

Ndipo nikaiona mikono yake tena. Ilikuwa juu ya magoti, imetulia.

Mtu mwenye karata nzuri ana nafasi ya kutazama mvua. Hana la kulinda, karata zitamlinda. Asiye na kitu ndiye anayelazimika kujishika mwili mzima, asipepese, asije akatoa siri kwa kugeuza shingo. Chai yake ilikuwa ikipigwa huko nje na hakuthubutu kugeuka. Na siku ile mahindi yake yalikuwa yakilowa.

Kisha wazo la pili likanijia. Kama sasa hana kitu, siku ile alikuwa na nini? Nikizitupa karata hizi, nitakuwa nimekubali kwamba neno lake la mwezi wa tisa lilikuwa la kweli, na nitaishi nalo hivyo. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa nikiwa mtu mzima, nami nilikuwa nimeketi tu kwenye kiti cha plastiki, Jumapili mchana.

"Nafuata, mzee," nikasema.

Kipngetich alizifunua karata zake taratibu. Tano na sita, zote za jembe. Hakuwa na moyo hata mmoja, wala jozi. Alikuwa amengoja karata ya kukamilisha safu ya namba tano zinazofuatana, haikuja, akaamua kunitisha.

Rodah alipiga mluzi. Mimi nilikuwa nikitazama meza, nikingoja hasira. Nilipoinua uso nilimkuta ananitazama kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe.

"Umenijuaje?" akauliza.

"Mahindi yako yalinyeshewa siku ile, mzee, na hukuinuka."

Akavuta kiti karibu, meza ikiwa kati yetu, akazungumza kwa sauti ya chini ambayo mvua iliwanyima wengine.

"Na nyinyi mbona mlienda? Kwetu msichana hapeanwi kwa hodi moja. Watu wanakuja, unawaambia hakuna. Wanarudi, unawaambia hakuna. Mimi mama Chepngeno nilimwendea mara nne, na babake alinifungulia mbwa. Nyinyi niliwangojea wiki ile ingine. Mbuzi nilikuwa nimetenga. Mama yako alifunika mahindi yangu, bibi yangu akasema, hawa ndio watu wetu. Halafu mkapotea. Msichana akalia, akasema hamkumtaka sana."

Kwetu sisi, mzee wa boma akisema hapana, kurudi ni kujidhalilisha. Nilimweleza hivyo. Kisha nikamwambia lililobaki, kwa sababu nilikuwa nimeshafuata na hakukuwa na haja ya kusimama nusu njia: kwamba baba alidhani anafukuzwa, kama alivyofukuzwa Kedowa.

Lile neno lilimgusa. Niliona likimwingia.

"Kufukuzwa," akasema polepole. "Hapo Kedowa?"

"Ndiyo, mzee."

Alikusanya karata zake mbili, akazipanga pembe kwa pembe, akampa Noah.

"Mwambie baba yako ile ilikuwa hapana ya desturi. Ile ingine, ya kufukuza, mimi sijawahi kuambia mtu. Mwambie hivyo, kwa jina langu."

Akasimama, akajinyoosha kiuno, akaenda dirishani. Kwa mara ya kwanza tangu mawe yaanze alitazama nje, akashika kichwa kwa mikono miwili.

*

Mtamba sikumpata. Mzunguko wa tatu baada ya hapo Rodah alinimaliza kwa karata ambazo hadi leo hunikumbusha kila tukikutana, na jioni alimwongoza ng'ombe wake kwa kamba katikati ya barabara, kofia kichwani, akipungia watu. Nilisimama barazani, mawe yakiyeyuka kwenye nyasi, nikapiga simu Londiani.

Nilimwambia Chepngeno kwamba hatukuwa tumeridhika na lile jibu. Kwamba hatukujua swali huulizwa tena. Safari hii nilingoja. Mwishowe alisema alikuwa amenikasirikia miezi mizima, hasira kama hiyo haiishi kwa simu moja, na kwa hivyo ataendelea kukasirika hadi Alhamisi. Nilimwambia Alhamisi si mbali. Nilicheka peke yangu njia nzima hadi kambi ya wafanyakazi wa kiwanda.

Kazi ilikuwa kwa baba. Nilimfikishia maneno ya Kipngetich yote, neno kwa neno. Alisikiliza, akasema hapana ni hapana, watu huipaka tu sukari. Siku kadhaa alizunguka nayo, akitengeneza vitu visivyoharibika. Mama ndiye aliyemaliza. Alimwambia yeye atakwenda, hata peke yake, akaone kama mahindi yale yalikauka.

Tulikwenda mwezi wa kwanza, jua likiwa kali. Sebule ilikuwa ile ile. Baba aliketi ukingoni mwa kiti, kofia juu ya goti, miguu ikielekea mlangoni. Maziwa yakaletwa, na mama akaomba aongezwe. Baba akaeleza tena habari za lile ua. Nikatamani nimshike mkono.

Kipngetich aliweka mikono magotini, akaitazama kalenda mpya.

"Hapa hakuna msichana wa kuolewa," akasema.

Mkono wa baba ulikwenda kwenye kofia. Niliuona ukiikamata, na nikaona mwili wake mzima ukijiandaa kuinuka, kama ulivyojiandaa kila mahali tangu Kedowa. Akabaki hivyo. Kisha akaiinua ile kofia, akainama, akaiweka chini ya kiti, akaegemea nyuma hadi kiti kikalia.

"Sawa," baba akasema. "Tutangoja."

Na kutoka jikoni, yule msichana ambaye hakuwepo akacheka.