Waliosimama Chini ya Maporomoko

Shamis alikuwa akipima maziwa ya ngamia kwa kikombe, sokoni Banissa, wakati Dabasso mchungaji alipokuja kumwambia kwamba amemwona mume wake.

"Wapi?" aliuliza Shamis, bila kuacha kumimina.

"Milimani. Nilikuwa namtafuta ngamia aliyepotea, nikafika kwenye maporomoko. Diriye amesimama chini ya maji."

"Anaendeleaje?"

"Amelowa. Aliniuliza kama mmepata mvua huku."

Shamis alimaliza kumhudumia mteja, akafunika maziwa, akamnunulia Dabasso chai.

Diriye alikuwa mwendesha bodaboda. Kabla ya Ramadhani ya mwaka jana, wanaume waliovaa kiraia walimshusha kwenye pikipiki yake mbele ya msikiti wakamtia ndani ya gari jeupe lisilo na nambari. Pikipiki ilibaki ikinguruma peke yake mpaka petroli ikaisha, kwa maana hakuna aliyetaka kuonekana akiigusa. Kituoni walisema jina hilo hawalijui. Sheikh naye alisema mwanamke hawezi kukaa eda ya mume ambaye kifo chake hakijathibitika. Basi Shamis hakuwa mke wala mjane. Alikuwa muuza maziwa.

Walitoka baada ya sala ya alfajiri: Dabasso mbele na fimbo mabegani, kisha Shamis, na Bishar, kaka mkubwa wa Diriye, aliyebeba mitungi ya plastiki kwa sababu hakuna anayeyaendea maji mikono mitupu. Walifuata laga, mkondo wa mto wa msimu, iliyokauka. Ng'ombe waliokufa walikuwa wamelala kando yake, vichwa vyote vikielekea mjini. Baada ya hapo ikawa mawe meusi tu, yenye joto lililopenya ndara, na miiba iliyoshika jilbabu ya Shamis mpaka akaacha kuinasua na kuiacha ichanike. Bishar alikaa chini mara kwa mara akisema ni kifua.

"Kifua kilianza baada ya miraa," alisema Dabasso.

Korongo la mwisho waliliparamia kwa mikono na magoti.

Maporomoko yalianguka kutoka juu ya jabali, marefu kama mnara wa simu, na mchanga ukayanywa palepale yalipogusa chini. Hapakuwa na kidimbwi wala mto. Chini ya maji walisimama wanaume, bega kwa bega, kama safu ya Ijumaa. Diriye alikuwa karibu na mwisho wa safu.

"Shamis," alisema. "Umekonda."

"Ni ukame. Wewe umekufa?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Usiku ule ule."

Shamis alihesabu kwa vidole. Eda ni miezi minne na siku kumi, na huhesabiwa tangu siku ya kifo. Yake ilikuwa imeanza na kwisha huku yeye akiuza maziwa, akijipaka hina ya Idi, akigombana na kila aliyemwita mjane. Aliketi juu ya jiwe akalia. Hakuna aliyemsikia, kwa sababu ya kelele za maji.

Diriye alieleza kwamba anaweza kutembea maadamu amelowa.

"Basi twende kituoni, walaalo, ndugu yangu," alisema Bishar. "Sisi tumesema mpaka tumechoka. Sema mwenyewe."

Wale wengine hawakuomba kwenda. Walitaja tu majina yao, ya baba zao na ya babu zao, mmoja baada ya mwingine. Mmoja alitoka Modogashe, mwingine Kotile, mbali sana kule. Shamis aliyarudia mpaka yakamkaa kichwani.

Njia nzima Bishar alimmiminia nduguye maji utosini, na wao wenyewe wakavumilia kiu. Sokoni watu walimsalimia Diriye, naye akaitikia. Fundi mmoja alimwambia kwamba pikipiki yake wameihifadhi, ila betri imekufa.

Kituoni, afande wa zamu aliwapa benchi. Diriye alieleza kila kitu kwa utaratibu: gari, pingu, bonde walikomshusha, na aliyempiga risasi.

"Ni nani?" aliuliza afande.

"Ni wewe."

Afande alitikisa kichwa kama mtu aliyeulizwa njia. Aliangalia sakafu, ambako maji yalikuwa yakitiririka kuelekea mlangoni.

"Mmemtoa wapi?"

"Kwenye maporomoko," alisema Shamis.

"Basi amezama."

"Afande, hii si maji ilimuua," alisema Bishar. "Hii ni risasi. Angalia shimo kwa kifua."

Afande aliinama akaliangalia. Maji yalikuwa yakitoka humo taratibu.

"Mawe ya kule ni makali," alisema. Kisha akamgeukia Shamis kwa sauti ya upole. "Pole, mama. Lakini si nyinyi Waislamu husema aliyezama hufa shahidi? Nitawapa kibali cha kuzika."

Mtungi wa mwisho uliisha hapo. Diriye alianza kukauka kuanzia nywele. Alimwomba Shamis aangalie betri ile, isije ikavuja asidi ikaharibu chasisi, kisha akajilaza kwenye benchi. Walimzika kabla ya magharibi. Kibali kilisema kuzama, katika mwaka ambao mabwawa yote ya wilaya yalikuwa vumbi.

Shamis alituma yale majina kwa madereva wa malori, na jamaa wakaanza kufika. Aliwapeleka milimani mwenyewe, kikundi kwa kikundi. Aliwafundisha mahali pa kushika korongoni, na kwamba waende na sanda mapema, kwa sababu bei hupanda wakishajulikana ni wageni. Kila familia ilipita kituoni na mtu wake, na kila mmoja aliandikiwa kwamba amezama. Baadaye, mwanzo wa njia palisimikwa kibao cha chuma: HATARI. KUOGELEA NI MARUFUKU. Wachungaji waliegemea hapo kutoa miiba miguuni.

Siku alipompeleka mama wa yule wa Kotile, Shamis alikuta safu imeongezeka. Mwishoni alisimama Abdiqani, muuza kadi za simu, ambaye kibanda chake kilitazamana na meza yake ya maziwa. Jana yake alikuwa amempa Shamis chenji. Shati lake lilikuwa bado kavu mgongoni.

"Ilhan anajua?" aliuliza Shamis. Ilhan alikuwa mkewe.

"Hajui. Anafikiri nimelala kwa dada yangu."

Shamis alimsaidia mama wa Kotile kufunua sanda. Kisha akamrudia Abdiqani, akasimama karibu naye ili asikie.

"Nimwambie nini?"

Abdiqani alifikiri, maji yakimwingia machoni.

"Mwambie aanze kuhesabu leo," alisema.