Kuku wa Wageni

Kifaranga wa tisa alitoka saa tatu asubuhi, amelowa na kujikunja kama kitambaa kilichokamuliwa. Yudith akamchovya mdomo kwenye kifuniko chenye maji, kama alivyofundishwa utotoni, kisha akamfumbata kiganjani akauke. Mayai mawili yaliyobaki aliyatikisa sikioni.

"Viza," alisema.

"Yaache mpaka kesho," alijibu mama yake, Anastazia, kutoka kwenye kitanda cha kamba kilichowekwa barazani. "Wengine huzaliwa wavivu."

Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu Anastazia ateleze kisimani akavunjika nyonga. Yudith alikuwa amefunga cherehani yake Tanga mjini, akaja Maramba kumuuguza mama na kulea kuku wake, na kati ya hao hakujua ni nani aliyekuwa msumbufu zaidi.

Kuku wa nyumba ile walikuwa na utaratibu wao. Babu alishuka kutoka Usambara kuja kukata mkonge, na hakuwa na shamba la kuwarithisha watu. Basi kila mtoto aliyezaliwa alipewa tetea mmoja aliyefungwa kitambaa mguuni, na uzao wote wa tetea huyo ukawa mali ya mtoto. Chekundu kilikuwa cha Yudith. Sare yake ya kwanza ya shule ilitokana na kuku hao. Cha buluu kilikuwa cha mdogo wake Anold, cha njano cha kitinda mimba, Innocent. Tetea aliyekuwa akiangua siku hiyo alikuwa na kitambaa cheupe. Wa kitambaa hicho waliitwa kuku wa wageni.

"Mchungaji akija Jumapili kukuombea," Yudith alisema, "nitamchinjia yule jogoo mwenye kitambaa cheupe. Hana mwenyewe."

"Hao hawachinjwi."

"Kuku wa wageni hawachinjwi?" Yudith alicheka. Kisha kicheko kikamkauka. Alijaribu kumkumbuka mgeni hata mmoja aliyewahi kula kuku wa kitambaa cheupe. Hakumpata.

"Ni wa Khairat," mama alisema.

"Khairat yupi?"

Anastazia aliyakaza macho kwenye bati la paa. "Dada yako. Nilimzaa Pangani kabla sijaolewa na baba yako. Baba yake, Amour, alikuwa mtu wa Pemba. Mtoto alipotimiza miaka miwili, bibi yake alivuka bahari kuja kumchukua. Babu yako alikuwa ameapa kwamba mtoto huyo hataukanyaga ua huu. Nikamfungashia nguo zake, nikampa."

Midomo ya mama iliendelea kucheza, lakini Yudith hakusikia neno. Ua mzima ulikuwa kimya, hata kuku.

"Yudi! Fungua mkono. Unamuua!"

Akaufungua. Shingo ya kifaranga ilikuwa imelala. Yudith akampulizia, mara moja, mara ya pili, mpaka mdomo ule mdogo ukapanuka kutafuta hewa. Akamsukuma haraka chini ya bawa la mama yake.

"Baba alijua?"

"Baba yako ndiye aliyemchagulia tetea, wiki tuliyofunga ndoa. Alisema, naye ni mtoto, apewe kuku wake."

Hilo lilimpiga zaidi kuliko la kwanza. Baba yake, Mzee Eliudi, mzee wa kanisa aliyewachapa kwa kuchelewa sala, alikuwa ameingia kaburini bila kulitaja jina hilo.

Yudith alienda nyuma ya banda, akauegemea ukuta. Umri wake ulikuwa miaka arobaini na mmoja, na miaka yote hiyo alikuwa kifungua mimba. Kwa jina hilo aliacha shule ili wadogo zake wasome. Kwa jina hilo alisimamia msiba wa baba na kulipa deni la shukrani kwa kila jirani. Sasa anaambiwa nafasi hiyo ilikuwa na mwenyewe. Hasira ilimjaa. Na chini ya hasira, jambo aliloona haya kulikiri, mabega yake yalikuwa yamekuwa mepesi.

Aliporudi, mama hakuwa amegeuza shingo.

"Kuku wake wanaozidi unawapeleka wapi?" Yudith aliuliza.

"Nawapa wanawake wa hapa mtaani. Kila anayejifungua mtoto wa kike."

"Na Khairat mwenyewe yu hai?"

"Yuko Wete, kule Pemba. Sabiha, yule anayeuza viungo sokoni, anamjua. Alinipa namba kabla ya Ramadhani." Sauti ya Anastazia ilipungua. "Nimepiga mara mbili. Akiitika, nakata."

Yudith aliichukua simu chini ya mto. Akaitafuta namba, akabonyeza kabla hajapata muda wa kufikiri. Ikaita kwa muda mrefu.

"Naam?" Sauti ya mwanamke, nzito kidogo. "Ni wewe tena unayepiga na kukata? Sema basi, nakusikiliza."

Wadogo zake walikuwa wamemwamkia yeye maisha yake yote. Yeye hakuwahi kumwamkia mtu aliyezaliwa na mama yake.

"Shikamoo," Yudith alisema.

Upande wa pili palikuwa na kishindo cha sufuria kuwekwa chini.

"Marahaba," sauti ilijibu polepole. "Nani mwenzangu?"

Anastazia alinyoosha mkono kuitaka simu. Ukafika nusu ya njia, ukasita, kisha akaurudisha na kuuficha ndani ya khanga.